Mto wa Saa Saba Mchana

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Kipimo aliteremka mtoni mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Watu wa njia ya kuelekea darajani walirekebisha saa zao kwa kumwona akipita na mwavuli wake mweusi, daftari likiwa ndani ya mfuko wa nailoni, kalamu mbili zimechomekwa kifuani, moja ya kazi na moja ya akiba.

Kwa macho ya wengi kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kando ya nguzo ya kwanza ya daraja, idara ya maji ilikuwa imesimamisha ubao mrefu mweupe wenye mistari myeusi na tarakimu nyekundu, mfano wa rula ya mwanafunzi iliyochomekwa mtoni. Mama Kipimo alishuka ngazi kumi na saba za zege, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na maji, akasoma, akaandika. Tarehe, saa, kimo cha maji. Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na safu ya nne, iliyoandikwa "Maoni". Hiyo aliiacha tupu. Afisa wa zamani aliyemfundisha kazi alimwambia siku ya kwanza, "Andika unachokiona kwa saa uliyopewa. Usichokiona si kazi yako." Akayashika maneno hayo kama kiapo.

Siku aliyojifungua binti yao wa pekee, alimtuma mumewe, Fundi, mshona nguo, akasome ubao kwa niaba yake. Fundi alirudi anahema.

"Mita moja na nusu hivi."

"Hivi ndiyo ngapi?"

"Hivi tu, mke wangu. Mita moja na nusu na kidogo."

"Ubao ule hauna hivi. Rudi."

Fundi akarudi. Miaka yote iliyofuata aliwahadithia wateja wake kisa hicho huku akikanyaga cherehani. "Mtoto hata jina hajapata, mimi niko mtoni natafuta sentimita." Wateja walicheka, na Mama Kipimo, aliyekuwa akishona vifungo kwenye kiti cha pili, hakucheka. Hakuona kichekesho kiko wapi.

Maana ndivyo siku yake ilivyokwenda. Baada ya kipimo cha asubuhi alipanda mlima nusu saa hadi kibandani kwa mumewe, akatoboa matundu ya vifungo hadi alasiri, kisha akateremka tena. Mto aliujua wa asubuhi na aliujua wa jioni. Wa mchana hakuwahi kuuona.

Sehemu za juu za mto alikuwako msomaji mwenzake, mwanamume mpole ambaye alimwita Kaka wa Juu. Walionana mara tatu tu maishani, lakini mvua ikipiga milimani simu ililia kibandani. "Dada, yanakuja. Hesabu saa mbili." Na baada ya saa mbili maji yalifika darajani, mekundu, yamebeba magogo. Watu wa bondeni walikwisha kupanda juu na mbuzi wao, kwa sababu Mama Kipimo alikwisha kuwapigia kelele.

Kisha likaja bwawa la umeme. Ubao wa Kaka wa Juu ulizama, ikazama na nyumba yake, na makaburi ya wazazi wake, na mashamba ya kaya mia tatu. Walihamishiwa kwenye kilima cha nyumba za mabati zilizopangwa kama madawati. Kutoka kule ziwa jipya lilionekana lote, lakini hakuna bomba lililopanda kuwafikia. Nyaya za umeme zilipita juu ya mapaa yao kwenda mjini, bila kushuka. Simu yake ya mwisho ilikuwa fupi. "Dada, sina tena cha kusoma. Maji niliyobaki nayo ni ya kutazama."

Walioamua mambo hayo hawakuwa na sura za watu wabaya. Walikuwa na ramani, na kwenye ramani kaya mia tatu ni nukta. Mtu anayeweza kufuta nukta bila kuuliza ni nani anayelala ndani yake amekwisha kufanya dhambi kabla trekta la kwanza halijawashwa.

Kiangazi cha kwanza baada ya bwawa, Mama Kipimo alifurahi. Zamani majira hayo mto ulikonda. Sasa daftari lilisema mita moja na sentimita kumi na mbili asubuhi, mita moja na sentimita tisa jioni, siku baada ya siku. Akajisemea kwamba wenye bwawa walisema kweli walipoahidi mto usiopungua.

Mambo mengine aliyaona. Aliona visamaki vilivyokufa vimenasa juu ya mawe. Aliona wakati mwingine maji yakipanda ubaoni mbele ya macho yake, huku mbingu ni kavu. Akayapita. Samaki hawakuwa na safu kwenye daftari.

Aliyemvuruga ni wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, aliyelima mboga kwenye kingo za mto, chini kidogo ya daraja, pamoja na wanawake wengine kumi na wanne. Wifi alikuwa mwanamke mnene wa sauti kubwa, asiyeingia mahali bila mahali pale kujua. Asubuhi moja aliingia kibandani akatupa mezani mche wa nyanya uliokauka.

"Wifi, mto wako umekufa."

"Haujafa. Leo asubuhi ulikuwa mita moja na kumi."

"Mimi nakuambia nimeteka matope, wewe unanisomea namba!"

"Uliteka saa ngapi?"

"Nateka jua linapochoma mboga. Ulitaka nizinyweshee zikiwa zimelala?"

Fundi aliinua mguu kutoka kwenye cherehani. "Jamani, mto si wa kugombania. Utawatosha wote wawili."

"Wewe mdogo wangu shona," dada yake akamwambia. "Hili halina mkasi."

Wakulima wale waliandika malalamiko idarani. Walisema mchana maji hukauka na jioni hurudi kwa kishindo, yakifagia miche waliyoipanda. Majibu yalikuja baada ya wiki sita, yamesainiwa na ofisa wa kampuni ya bwawa ambaye watu walimbatiza Bwana Mazingira, kwa kuwa neno hilo liliandikwa mgongoni mwa shati lake kwa herufi za kijani. Alisema madai yao hayana msingi. Kama ushahidi aliambatisha nakala za kurasa za daftari la darajani, miezi mitatu mizima, bila siku moja pungufu.

Wifi alikuja na barua hiyo kibandani. Safari hii hakupiga kelele, na hapo ndipo Mama Kipimo alipoogopa.

"Hongera, wifi. Umekuwa wakili wa bwawa. Tumeitwa waongo, wanawake kumi na watano, kwa mwandiko wako mzuri."

"Sikumwita mtu mwongo. Nimeandika ninachokiona."

"Basi njoo uone. Leo. Saa saba."

"Saa saba si saa ya kipimo."

"Ndiyo. Na sisi tunaishi humo, kwenye saa zisizo za kipimo."

Mama Kipimo alichoma sindano kwenye kitambaa, akaiacha hapo. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili alichukua mwavuli wake mchana.

Alishuka ngazi kumi na saba, na kwenye ya mwisho akasimama. Ubao ulikuwa umesimama juu ya mawe. Sifuri, tarakimu ya chini kabisa ambayo hakuwahi kuisoma maishani mwake, ilikuwa juu ya tope lililoanza kupasuka. Katikati ya mto yalibaki madimbwi mawili, na ndani ya madimbwi samaki walikuwa wamelaliana, midomo juu. Korongo hawakuwa hata na haja ya kuvizia. Walikuwa wakiokota tu, kama watu walio sokoni.

Wifi alimshika mkono akamwongoza kwenye tuta la mchanga. Kulikuwa na vishimo vidogo, na katika kila kishimo yai moja la rangi ya mchanga wenyewe. "Hawa ndege wenye miguu mirefu," wifi akasema, "hutaga maji yakipungua. Wanadhani kiangazi kimeanza. Tukae hapa jioni utaona."

Walikaa. Yapata saa kumi na moja na nusu ulisikika mvumo kama wa lori la mbali, kisha maji yakaja yakisukuma povu na majani. Yalifika kwenye tuta, yakalizunguka, yakalifunika. Ndege waliruka wakalia juu ya mahali pao, wakizunguka na kuzunguka. Saa kumi na mbili kamili ubao ulisoma mita moja na sentimita kumi.

Hapo hesabu ikajipanga yenyewe kichwani mwake. Bwawa lilifungua mitambo alfajiri, watu wa mjini wanapoamka, na tena saa tisa na nusu alasiri, kabla hawajarudi kuwasha taa. Kati ya hapo lilifunga na kukusanya maji. Kutoka kule hadi hapa ni saa mbili, kama Kaka wa Juu alivyokuwa akimwambia. Mto ulikuwa ukifika darajani pamoja naye na kuondoka baada yake. Kila tarakimu aliyoandika ilikuwa kweli, na zote kwa pamoja zilikuwa uongo.

Aliandika kipimo cha jioni. Kisha akaandika kwenye safu ya Maoni: "Saa saba mchana, ubao mkavu."

Tangu siku hiyo aliteremka mara tatu. Fundi alimwambia goti lake halitakubali. "Goti sijaliuliza," akajibu.

Baada ya mwezi afisa wa maji alimwita ofisini. Alikuwa kijana mwenye adabu, meza yake safi, feni ikizunguka polepole juu ya mafaili.

"Mama, shikamoo. Kaa, tafadhali. Wiki ijayo kuna kikao cha kusikiliza malalamiko. Wajumbe wakiridhika, bwawa litaidhinishiwa saa zake za kazi kwa miaka kumi."

"Nimesikia."

"Sasa hii safu ya Maoni. Saa saba haimo kwenye mwongozo. Nakuomba uniandikie nakala safi ya daftari. Vipimo vya asubuhi na jioni tu, kama ulivyofanya siku zote. Sikuambii ubadilishe hata namba moja."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama. Itakuwa kweli tupu."

Mama Kipimo alilitazama lile daftari jipya alilosogezewa, jalada lake likinukia gundi. "Mwanangu, ndiyo sababu siwezi. Ungenambia nibadilishe namba ningejua ni uongo, na wewe ungejua. Huu hauna hata pa kuushika."

Afisa alishusha sauti. "Wanaleta mashine ya kupimia. Nafasi yako siwezi kuitetea kama kampuni itasema unavuruga takwimu."

"Sikuombi uitetee."

Alitoka bila kugusa daftari jipya. Lakini njiani kote hakuwa na amani. Kazi ile ndiyo iliyompa jina, na heshima ya mtaani. Tena halikuwa suala la kumshtaki mwingine. Ilimpasa asimame mbele za watu aseme kwamba yeye, mwanamke asiyekubali "hivi", alikuwa amewapotosha kwa miezi. Wengi wetu tuko tayari kusema ukweli unaomwangusha jirani. Unaotuangusha wenyewe tunautafutia siku nyingine.

Kikao kilianza saa nne asubuhi kwenye ukumbi wa shule. Mwenyekiti alikuwa hakimu mstaafu, mama mwembamba aliyevaa miwani ya kamba. Bwana Mazingira alisoma vipimo kwa sauti nzuri ya kutangaza, ukurasa baada ya ukurasa, kisha Mama Kipimo akaitwa mbele.

"Huu ni mwandiko wako?" mwenyekiti akauliza.

"Ni wangu, mheshimiwa."

"Kuna uongo ndani yake?"

"Hakuna."

Wanawake wa mboga waliguna. Wifi alisonya kwa nguvu hadi mwenyekiti akainua macho.

"Hakuna namba ya uongo," Mama Kipimo akaendelea, "lakini daftari limewadanganya, na aliyeliandika ni mimi. Niliuangalia mto kwa saa zile mbili za siku ambazo maji ya bwawa yanafika darajani. Saa nyingine sikuuangalia, kwa sababu sikuagizwa. Hawa mama wamesema kweli tangu mwanzo. Nawaomba radhi hapa hapa. Na ninyi msiniamini tena kwa maneno. Daraja ni mwendo wa saa moja tu kwa miguu. Twendeni mkauone mto wa saa saba."

"Hili haliko kwenye ratiba," Bwana Mazingira akasema.

"Mimi ndiye ratiba," mwenyekiti akajibu, na ukumbi ukacheka.

Wakati watu wakiinuka na kutafuta viatu vyao, Bwana Mazingira alitoka nje akiwa na simu sikioni. Hakuna aliyemjali. Mama Kipimo alitazama saa yake ya mkononi, kwa mazoea tu. Saa tano na dakika kumi.

Walifika mtoni saa sita na nusu. Wajumbe wa kikao walishuka ngazi wakishikana mikono, viatu vya ofisini vikiteleza. Mwenyekiti alisimama kwenye mawe mbele ya ubao, akavua miwani, akaivaa tena. Chini ya daraja wanawake wawili walikuwa wakifua nguo kwenye dimbwi.

"Huu ndio mto wa mita moja na kumi?"

"Ndio, mheshimiwa."

"Pengine leo kuna hitilafu," Bwana Mazingira akasema. "Tungoje. Mto una tabia zake." Alikuwa mtulivu sana, na utulivu wake ndio uliomfanya Mama Kipimo aangalie saa tena. Akahesabu. Kisha akafunga mwavuli.

"Mheshimiwa, naomba watu wote watoke mtoni. Wifi, waite wale wanaofua. Maji yatafika saa saba na dakika kumi."

"Umejuaje?"

"Kutoka bwawani hadi hapa ni saa mbili, na bwana huyu alitoka nje na simu saa tano na dakika kumi."

Wifi hakungoja maelezo. "Nyie mnaofua! Tokeni! Acheni hayo mashuka, miili yenu haina duka!" Sauti yake ilifanya kazi iliyoumbiwa. Wale wanawake walipanda kingo wakivuta beseni. Watu wakajipanga kwenye ngazi wakingoja. Saa saba na dakika kumi ikapita, hakuna kitu. Bwana Mazingira alitabasamu. Kisha ukaja ule mvumo, na mara maji yakatokea kwenye kona, ya kahawia, yakiviringisha matawi, yakameza madimbwi, tuta na dimbwi la kufulia. Shuka moja lililosahaulika lilipita likielea.

"Dakika kumi na nne," Mama Kipimo akasema kwa kuudhika. "Nimekosea kwa dakika nne."

Mwenyekiti aliyatazama maji, akaitazama mbingu isiyo na wingu, kisha akamgeukia Bwana Mazingira.

"Saa tano na dakika kumi, bwana, ulikuwa unazungumza na nani?"

Bwana Mazingira akawapa mgongo. Neno lile la kijani liligeukia watu alipojifanya anatazama upande wa pili wa mto.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi miwili. Milango ya bwawa isifungwe yote tena. Mchana maji darajani yasishuke chini ya sentimita thelathini. Mazao yaliyopotea wakulima waliambiwa wayadai kwingine, na hadi leo wanahangaika na hilo. Kuhusu kilima cha nyumba za mabati uamuzi haukusema neno, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Mama Kipimo alimpigia simu Kaka wa Juu kumweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Afadhali mmoja wetu bado ana ubao."

Mashine iliyoahidiwa haijafika. Kazi hakunyang'anywa, bali mwongozo mpya ulikuja na safu ya saa saba mchana, iliyochapwa vizuri, bila nyongeza ya mshahara. Siku ya kwanza ya safu hiyo wifi alikuja kumtazama akisoma, akiwa na kapu la mboga kichwani.

"Ngapi, wifi?"

"Thelathini na moja."

"Thelathini na moja hivi?"

Mama Kipimo alimtazama, na kwa mara ya kwanza kichekesho hicho kilimwingia. Alicheka mpaka akashika nguzo.

Samaki wanarudi, wadogo wadogo. Ndege wa mchangani hawajarudi. Kila kiangazi Mama Kipimo hulipita tuta lote akitazama chini, kisha huandika kwenye safu ya Maoni: "Mayai: hakuna." Afisa wa maji alimuuliza mara moja, kwa adabu, kwa nini anaandika habari za ndege kwenye daftari la maji.

"Nilianza kuwaandika," akasema, "walipokwisha kuondoka. Nataka iandikwe kwamba nimechelewa."